Kutoka Jalada hadi Namba: Historia ya Kuunganisha Taarifa za Bajeti na za Ununuzi wa Umma nchini Burundi, 1964–2025

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia jinsi taarifa za bajeti na taarifa za ununuzi wa umma zilivyotunzwa nchini Burundi tangu miaka ya mwanzo ya uhuru, na kwa nini aina hizo mbili za taarifa zimebaki mbalimbali hata baada ya sheria mbili za mwaka 2008 kuzifungamanisha. Hoja kuu ni kwamba uhusiano kati ya fungu la bajeti na mkataba wa ununuzi haukukosekana katika sheria. Ulikosekana katika kumbukumbu. Uliishi ndani ya sahihi, mihuri na majalada, na kwa hiyo uliwategemea watu waliobeba majalada hayo. Viwango vya data huria vilivyoenea baada ya mwaka 2014 vinatazamwa hapa kama jaribio la kuutoa uhusiano huo katika jalada na kuuweka katika namba.

Makabati mawili

Anayetaka kujua faranga iliyopitishwa na Bunge la Burundi imenunua nini hulazimika kutafuta katika makabati mawili. Kabati la kwanza ni la bajeti: sheria ya fedha ya mwaka, majedwali yake ya mafungu na kasma, taarifa za utekelezaji, na maoni ya Mahakama ya Hesabu. La pili ni la zabuni: matangazo ya kuwaalika wazabuni, taarifa za ufunguzi, uamuzi wa kutoa zabuni, na mkataba wenyewe. Makabati hayo hayako mbali. Rohero, eneo la katikati ya Bujumbura lenye ofisi nyingi za serikali, benki na mashirika, mtu huweza kutoka ofisi moja hadi nyingine kwa miguu. Lakini karatasi ya kabati moja haitaji karatasi ya kabati lingine kwa namna ambayo mtu wa nje angeweza kuifuata.

Umbali huo mfupi wa ardhini na mrefu wa kumbukumbu ndio unaochunguzwa hapa. Maandishi mengi kuhusu uwazi wa fedha za umma Afrika ya Mashariki hulitazama suala hili kama la teknolojia iliyochelewa kufika. Historia ya Burundi hailiungi mkono wazo hilo moja kwa moja. Kompyuta zilifika, wizara ya fedha imekuwa na mfumo wake wa kusimamia matumizi, unaojulikana kwa kifupi cha Kifaransa SIGEFI, kwa miaka mingi. Kilichochelewa ni uamuzi kuhusu namba gani iandikwe wapi, na nani aruhusiwe kuisoma.

Sheria mbili za mwaka mmoja

Burundi ilirithi utaratibu wa uhasibu wa serikali wa jadi ya Kibelgiji na Kifaransa. Sheria ya uhasibu ya mwaka 1964, miaka miwili tu baada ya uhuru, ndiyo iliyoongoza fedha za umma kwa zaidi ya miongo minne. Ununuzi ulipata msingi wake wenyewe baadaye, kwa amri yenye nguvu ya sheria ya mwaka 1990. Kwa hiyo tangu mwanzo matawi hayo mawili yalikua kwa nyakati tofauti. La kwanza liliuliza kama fedha ipo na kama anayeiamuru ana mamlaka. La pili liliuliza kama mnunuzi amewaita wazabuni kwa haki. Hakuna lililokuwa na wajibu wa kujibu swali la mwenzake.

Vita vilivyoanza mwaka 1993 vilisimamisha mageuzi mengi. Baada ya Mkataba wa Amani wa Arusha wa Agosti 2000, taasisi za usimamizi zilianza kujengwa upya: Mahakama ya Hesabu mwaka 2004, kisha sheria ya kupambana na rushwa mwaka 2006. Mwaka huohuo wa 2006 ndege ya rais aina ya Falcon 50 iliuzwa kwa utaratibu uliozua malalamiko makubwa ndani ya nchi na miongoni mwa wafadhili. Ile ilikuwa mali iliyouzwa, si iliyonunuliwa, lakini maswali yaliyoulizwa yalikuwa yaleyale: nani alialikwa, kwa bei gani, na fedha iliingia katika kasma ipi ya mapato ya serikali?

Mwaka 2008 ulijibu sehemu ya maswali hayo kwa sheria mbili. Tarehe 4 Februari ilitiwa sahihi Kanuni ya Ununuzi wa Umma, iliyotenganisha kazi tatu ambazo awali zilichanganyika. Vitengo vya ununuzi ndani ya wizara vinaandaa zabuni. Kurugenzi ya Taifa ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma (DNCMP) inazikagua kabla hazijaendelea. Mamlaka ya Usimamizi wa Ununuzi wa Umma (ARMP) inatunga taratibu, inakusanya taarifa na kusikiliza malalamiko. Tarehe 4 Desemba ikafuata sheria ya msingi ya fedha za umma, iliyochukua nafasi ya ile ya 1964. Mwezi uliofuata, Januari 2009, Burundi ilifikia hatua ya mwisho ya mpango wa msamaha wa madeni kwa nchi maskini. Si vigumu kuona uhusiano wa tarehe hizo, ingawa si haki kusema kwamba sheria zilitungwa kwa ajili ya wakopeshaji pekee. Wabunge na vyama vya kiraia vya Bujumbura walikuwa wamezidai kabla ya hapo.

Zikisomwa kwa pamoja, sheria hizo mbili zinajengana. Hakuna ununuzi bila mpango wa mwaka na bila fedha iliyotengwa. Hakuna malipo bila hatua nne zinazojulikana kwa kila mhasibu wa jadi ya Kifaransa: ahadi ya matumizi, uhakiki wa deni, amri ya malipo, na malipo yenyewe. Mkataba wa ununuzi ndio unaozaa ahadi ya matumizi. Kwa hiyo kila mkataba halali una mahali pake katika bajeti. Uhusiano upo. Ila umewekwa kama tendo la afisa anayethibitisha na kugonga muhuri, na tendo hilo hubaki katika jalada la kazi.

Jalada tupu

Aprili 2009 ilionyesha jambo hilo kwa namna ya kusikitisha. Ernest Manirumva alikuwa makamu wa rais wa OLUCOME, shirika la kiraia lililoanzishwa mwaka 2002 kufuatilia rushwa na ubadhirifu wa mali ya umma. Alikuwa pia makamu wa rais katika mamlaka mpya ya usimamizi wa ununuzi. Kwa maneno mengine, alikuwa mmoja wa watu wachache nchini waliosimama kwa miguu yote miwili: mguu mmoja upande wa raia wanaohoji matumizi, mwingine ndani ya chombo kinachoona zabuni. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Aprili 2009 aliuawa jijini Bujumbura. Taarifa za mashirika ya haki za binadamu zilieleza kwamba nyaraka zilikuwa zimetoweka, na kwamba juu ya kitanda chake lilikutwa jalada lenye damu lisilo na kitu ndani.

Kesi iliyofuata ilichukua miaka mitatu. Serikali iliunda tume kadhaa, wapelelezi wa Marekani walitoa msaada wa kitaalamu, na Mei 2012 mahakama ya Bujumbura iliwatia hatiani watu 14. Mashirika ya kiraia ya ndani na ya kimataifa yalilalamika kwamba njia muhimu za upelelezi hazikufuatwa. Nani aliamuru na kwa nini si suala linaloweza kuamuliwa na makala ya historia ya kumbukumbu, na halitaamuliwa hapa. Linaloweza kusemwa ni dogo, lakini lina uzito wake: kile alichokuwa amekiunganisha mtu mmoja kwa kukusanya karatasi za ofisi mbalimbali hakikuwa na nakala mahali pengine ambapo raia, mwandishi wa habari au hata mkaguzi angeweza kukiunganisha upya. Kuondoka kwa karatasi kulikuwa kuondoka kwa uhusiano wenyewe.

Wanaoandika kuhusu data huria huzitetea kwa hoja za ufanisi: bei kushuka, washindani kuongezeka, muda kupungua. Hoja hizo zina nafasi yake. Katika historia ya Burundi, hata hivyo, kuna hoja iliyotangulia. Taarifa ambayo kila mtu anaweza kuisoma haimfanyi mtu mmoja kuwa mlinzi wake wa pekee. Ni ajabu kwamba hoja hii hutajwa kwa nadra katika maandiko ya sera ya kanda.

Namba nne zisizojuana

Mtafiti aliyesoma matangazo ya zabuni katika gazeti la serikali, Le Renouveau du Burundi, anaijua sura yake. Tangazo lina namba iliyotolewa kwa mpangilio wa DNCMP: namba ya mfuatano, kisha herufi inayoonyesha aina ya ununuzi, F kwa bidhaa, T kwa ujenzi, S kwa huduma, kisha mwaka wa bajeti. Kwa kawaida tangazo husema pia kwamba ununuzi unagharimiwa na bajeti kuu ya Jamhuri. Hapo ndipo linapoishia. Bajeti kuu ni kitabu kizima. Kuitaja bila kutaja kasma ni sawa na kumwelekeza mgeni nyumba kwa kumtajia jina la mji.

Upande wa bajeti, kila matumizi yana namba ya kasma inayoonyesha wizara, idara na aina ya gharama. Upande wa malipo, kila amri ya malipo ina namba yake. Na tangu Ofisi ya Mapato ya Burundi (OBR) ilipoundwa kwa sheria ya Julai 2009, kila mlipakodi, wakiwemo wazabuni, ana namba ya utambulisho wa kodi, NIF. Namba zote nne zipo, na zote ni za serikali. Tatizo si upungufu wa taarifa bali kwamba hakuna rekodi ya umma inayozibeba zote kwa pamoja. Mahakama ya Hesabu inapotoa maoni kuhusu utekelezaji wa bajeti huweza kuona kwamba kasma fulani imetumika kupita kiasi. Anayesoma maoni hayo hawezi kutoka hapo hadi kwa jina la aliyelipwa. Anayesoma tangazo la mshindi wa zabuni, naye, hajui kama kampuni hiyo imelipwa nusu, yote, au zaidi ya mkataba.

Sehemu nyingine ya tatizo ni lugha. Nyaraka hizi huandikwa kwa Kifaransa cha kiutawala, ambacho hata msomi wa Kirundi au Kiswahili hukisoma kwa shida. Msamiati wa hatua nne za malipo haujapata tafsiri moja inayokubalika, na neno linalomaanisha ahadi ya matumizi kwa mhasibu wa Bujumbura hueleweka kama mkataba tu kwa mfanyabiashara wa Buyenzi. Namba ina faida ya kutohitaji tafsiri.

Kiwango kilichotoka nje

Kiwango cha Data Huria za Mikataba, kinachojulikana kwa herufi OCDS, kilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2014 na toleo lake la 1.1 likatoka mwaka 2017. Wazo lake la msingi ni rahisi. Kila mchakato wa ununuzi hupewa kitambulisho kimoja kinachobaki nao katika hatua tano: mpango, zabuni, uteuzi wa mshindi, mkataba, na utekelezaji. Sehemu ya mpango ina nafasi ya kuandika kiasi cha bajeti na namba ya kasma inayokigharimia. Sehemu ya utekelezaji ina nafasi ya malipo. Kwa upande wa bajeti, mpango wa kimataifa wa uwazi wa fedha za umma, GIFT, ulioanzishwa mwaka 2011, ulishiriki kuendeleza muundo wa kuchapisha majedwali ya bajeti kwa njia inayosomeka na kompyuta. Kiungo kati ya viwango hivyo viwili ni namba ya kasma. Ikiandikwa kwa namna ileile pande zote mbili, makabati yanafunguana; ikikosewa herufi moja, yanabaki yamefungwa.

Majirani wa Burundi walianza mapema na kwa njia tofauti. Uganda ilizindua mwaka 2015 tovuti ya ununuzi iliyojazwa taarifa na taasisi zenyewe. Kenya, kwa Agizo la Rais namba 2 la mwaka 2018, ilizitaka taasisi zote za umma kuchapisha zabuni, washindi na bei kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huo. Rwanda ilikuwa imeanza kutumia mfumo wa Umucyo mwaka 2016. Tanzania ilifika kwa kuchelewa kidogo lakini kwa hatua inayostahili kuangaliwa na washauri wa sera: mfumo wa NeST, uliozinduliwa mwaka 2023 sambamba na sheria mpya ya ununuzi, uliunganishwa na MUSE, mfumo wa ulipaji wa serikali, na pia na taarifa za mamlaka ya mapato na za usajili wa kampuni. Hapo mkazo ulihama kutoka tovuti ya kutazama hadi mifumo inayozungumza yenyewe kwa yenyewe. Kama umma unaweza kuyasikia mazungumzo hayo ni swali jingine.

Mfano ulio na mafunzo zaidi, hata hivyo, unatoka mbali, Paraguay. Huko mamlaka ya ununuzi hutoa namba ya mkataba, na wizara ya fedha haiwezi kulipa bila namba hiyo kuwamo katika mfumo wake. Hakuna afisa anayehitaji kushawishiwa kuchapisha taarifa kwa ajili ya uwazi. Mzabuni mwenyewe ndiye anayehimiza, kwa sababu anataka kulipwa. Kati ya njia zote zilizojaribiwa, hii ndiyo inayofanana zaidi na utamaduni wa kiutawala wa Burundi, ambako mlipaji hukataa kulipa hati yenye upungufu. Kinachokosekana ni kuifanya namba ya DNCMP kuwa sehemu ya lazima ya amri ya malipo, na namba ya kasma kuwa sehemu ya lazima ya tangazo la zabuni. Kanuni ya Ununuzi ilifanyiwa marekebisho kwa sheria ya tarehe 29 Januari 2018, na sheria ya msingi ya fedha za umma ikabadilishwa Juni 2022 kuelekea bajeti za programu. Mageuzi yote mawili yalitoa nafasi ya kuandika masharti hayo mawili. Sharti la malipo lina thamani kuliko tovuti yoyote, na gharama yake ni ndogo.

Kuna mipaka ambayo kiwango hakiivuki. Sheria za ununuzi za kanda hii kwa kawaida huweka kando manunuzi yanayohusu siri za ulinzi, na kasma za aina hiyo huonekana kama kiasi kimoja kisicho na tawi. Miradi inayogharimiwa na wafadhili hufuata mara nyingi taratibu za wafadhili wenyewe, na mikataba yake huchapishwa Washington au Brussels kabla ya kuonekana Bujumbura. Umoja wa Ulaya uliposimamisha msaada wa moja kwa moja kwa serikali Machi 2016, hadi Februari 2022, uzito wa bajeti uliegemea zaidi kodi za ndani. Tukio hilo hutazamwa kama la kidiplomasia. Kwa mada hii lilikuwa pia la kumbukumbu, kwa sababu sehemu ya matumizi iliyokuwa ikisomeka katika data za wafadhili ilibaki kusomeka ndani ya nchi tu.

Rohero yenye anwani tatu

Namba haitoshi kama vitu vinavyotajwa navyo vinabadilika. Hadi mwaka 2014 Rohero ilikuwa komuni, mojawapo ya komuni 13 za jiji la Bujumbura. Mageuzi ya mwaka huo yaliunganisha komuni hizo kuwa tatu, Muha, Mukaza na Ntahangwa, na Rohero ikawa zoni ndani ya Mukaza. Sheria ya mwaka 2023 ikapunguza mikoa ya nchi kutoka 18 hadi mitano na komuni kutoka 119 hadi 42, mabadiliko yaliyoanza kutumika pamoja na uchaguzi wa 2025. Mtaro wa maji ya mvua uliojengwa Rohero mwaka 2010, ukakarabatiwa 2017 na ukahitaji matengenezo tena leo, ungeonekana katika kumbukumbu kama kazi za komuni ya Rohero, kisha za komuni ya Mukaza katika mkoa wa Bujumbura Mairie, kisha za Mukaza katika mkoa mpya wa Bujumbura. Kompyuta isiyoelezwa ingehesabu mahali patatu.

Mwaka wa fedha nao umehama: uliokuwa ukianza Januari sasa unaanza Julai, kama ilivyo kwa wengi wa wanachama wenzake wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na bajeti za programu zinapanga upya kasma zilizozoeleka. Kila badiliko kati ya hayo lilikuwa na sababu zake njema. Kwa pamoja yanakata mfululizo wa taarifa kila baada ya miaka michache, na hakuna jedwali la umma linaloonyesha kasma ya zamani imekuwa ipi, au komuni ipi imeingia ndani ya ipi.

Jedwali hilo ni kazi ya wiki chache kwa maofisa wanaozijua nyaraka, na wengi wao bado wako kazini. Komuni 119 na mafungu ya bajeti ya kabla ya 2022 bado yanakumbukwa na watu waliozitumia, na majalada ya zabuni za muongo wa kwanza wa Kanuni ya Ununuzi bado yamo katika masanduku. Yakisubiri mfumo mpya wa kompyuta kwanza, mfumo huo utaanza kuhesabu kuanzia siku ya kuzinduliwa kwake, na kila kilichonunuliwa kati ya 2008 na siku hiyo kitabaki kilipo sasa.